Mwalimu wa Jumamosi

Siku za juma alitufundisha hesabu, na katika hesabu zile sikumbuki hata moja ya maana. Zilinitoka kichwani mara tu nilipoajiriwa ukarani na kugundua kwamba kazi yangu kubwa ni kugonga mihuri. Lakini Jumamosi alitufundisha kitu kingine. Nacho nilikisahau, tena kwa hasara kubwa kuliko ya hesabu, na labda ndiyo sababu sasa kinanijia kila siku. Sisi wanachuo hatukumwita kwa jina. Tulimwita Mwalimu wa Jumamosi. Alijua, na nadhani alipenda.

Nilimwendea tena miaka mingi baadaye, wakati mwanangu mkubwa alipokuwa ameondoka kwangu kwa hasira nami sijui namna ya kumrudisha. Nitafika huko. Kwanza lazima nieleze sheria ya benchi, maana asiyeijua atashangaa kwa nini nilikwenda kwake na si kwa padre wala kwa shemeji zangu.

Chuo chetu kilikuwa cha misheni, nje ya mji upande wa Temeke, wakati Temeke ilikuwa bado mikorosho, mihogo na nyumba chache za makuti. Tulikuwa na kanisa, madarasa, mabweni mawili, jiko la moshi usiokwisha, na ua wa mkonge kuzunguka vyote hivyo, ili sie tubaki ndani na dunia ibaki nje. Tuliingia pekupeku, wengine kutoka pwani, wengine kutoka bara kwa siku nyingi za garimoshi, na ilitarajiwa tutoke tukiwa walimu au makarani wenye viatu.

Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana na kabla ya kufua, tulikusanyika ukumbini kwa mdahalo. Ilikuwa saa pekee tuliyoruhusiwa kusema Kiswahili ndani ya ukumbi ule. Siku nyingine ilikuwa Kiingereza tu, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea chumvi. Mwalimu alimwomba Padre Mkuu saa hiyo moja kwa kumwambia kwamba kijana asiyeweza kubishana kwa lugha anayoiota usingizini hawezi kubishana kwa lugha anayoitafuta kwenye kamusi. Padre Mkuu, Mzungu mrefu aliyetembea kama mtu anayepima shamba, akakubali.

Mabenchi mawili yalitazamana. Hoja ilitajwa, na msemaji wa kwanza akasimama akasema. Mpaka hapo ulikuwa mdahalo kama midahalo mingine. Lakini msemaji wa pili hakuruhusiwa kujibu hata neno moja kabla hajayarudia ya mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mwenzake akubali na kusema, "Ndivyo." Akisema "Sivyo," unaanza upya. Ukikosea mara tatu, unaondoka kwenye benchi lako, unavuka ukumbi mbele ya watu wote, unakwenda kukaa kwenye benchi la mpinzani wako, ubavuni mwake. Hapo unajaribu tena, na huondoki mpaka umeipata.

"Ukisimama unasikia sauti yako," Mwalimu alitueleza. "Ukikaa na mtu unamsikia hata akimeza mate."

Mimi niliuvuka ukumbi ule kuliko kijana mwingine yeyote. Nilikuwa hodari wa kusema. Nilipenda maneno makubwa, nilipenda kunyoosha mkono, na wakati mwenzangu akisema mimi nilikuwa napanga nitakavyomwangusha. Siku moja nilisema vizuri mno, darasa zima likapiga makofi, nikamtazama Mwalimu nikitegemea sifa.

"Bwana wee," akasema, "mdomo wako uko kazini. Masikio yako yako likizo."

Wenzangu wakaniita Likizo mpaka tulipomaliza chuo.

Hoja zenyewe zilikuwa za kawaida. Mvua ya masika na ya vuli, ipi ina faida? Mwanachuo mpya achote maji peke yake au wote wachote? Mara moja tulijadili maharage ya jikoni, na Mwalimu akamwita mpishi aje ajitetee, kwa kuwa si haki kumsema mtu naye yuko jikoni anakupikia. Mpishi akaja na mwiko wake. Akasema yake, na kijana wa kwetu akayarudia barabara, bila kuacha hata moja.

"Sivyo," akasema mpishi.

Kijana akarudia tena, vizuri zaidi.

"Sivyo."

Kumbe neno lilikuwa limemkolea mdomoni. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumpa nafasi ya kuwaambia wanachuo sivyo, naye hakutaka kuimaliza upesi. Tulicheka mpaka tukasahau maharage, na maharage yakabaki vilevile.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa bara na aliichanganya r na l bila kujali, na sisi wa pwani tulimcheka hadi siku tulipotakiwa kubishana naye. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Baiskeli yake aliisukuma zaidi ya kuipanda. Alipoulizwa, alisema hataki kufika anakokwenda akiwa na jasho. Na alipoulizwa kwa nini basi aliinunua, alisema ili wanaokutana naye wajue kwamba anatembea kwa hiari. Kipande cha chaki alikiweka nyuma ya sikio kama fundi seremala anavyoweka penseli, na mara nyingi alikwenda nacho hivyohivyo kanisani.

Kanisani alilala. Hakukoroma, alilala kwa adabu, mikono magotini, kichwa kimenyooka, na macho yamefungwa kama ya mtu anayetafakari. Kijana mmoja mtundu alimuuliza kama si dhambi.

"Padre akihubiri, huwa ananiuliza nirudie alichosema?"

"Haulizi, Mwalimu."

"Basi hanihitaji."

Karibu na chuo, pale njia ya kwenda Chamazi ilipoachana na barabara ya mjini, palikuwa na duka la Mhindi mmoja, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwalimu alikwenda kununua tumbaku na akaweza kukaa hapo hata mchuzi wa nyumbani ukaungua. Walibishana juu ya kila kitu: kama kitambaa cha marekani hurudi kikifuliwa, kama paka anajua jina lake, kama mtu anayefunga anafaa kunusa chakula cha wengine. Mwenye duka aliipenda sheria ya Mwalimu kupita kiasi. Akaanza kuitumia kwa wateja. Mama mmoja alifika kununua mafuta ya taa, akalalamika kwamba ya juzi yalikuwa na maji. Mwenye duka akaweka viganja juu ya meza.

"Mama, wewe nasema mafuta yangu iko maji ndani. Ndivyo?"

"Ndivyo ndiyo! Sasa?"

"Sasa mimi najibu."

"Unijibu nini? Nijazie chupa yangu!"

Mwalimu aliyekuwa amekaa kwenye gunia la mchele alicheka mpaka akaangusha chaki yake.

Nyumbani kwake sheria haikuvuka kizingiti. Mkewe tulimwita Mama Mwalimu, mwanamke mnene wa sauti kubwa, aliyetulisha wengi wetu viazi vya kuchemsha Jumapili. Nilikuwapo siku Mwalimu alipojaribu. Mkewe alikuwa amesema kwamba kuni zimekwisha, kwamba alisema hivyo jana, na kwamba akisema tena kesho atakuwa anasemea kwao.

"Unasema, mke wangu, kwamba kuni..."

"Usinirudie kama kasuku! Lete kuni!"

Akaenda kuleta kuni. Njiani akanigeukia. "Umeona? Kuna watu wanaosikilizwa kwa miguu."

Na bao. Kwenye bao mtu yule aliyetufundisha kupokea kushindwa kwa heshima alikuwa mtoto mdogo. Akishinda, alieleza kila kete ilivyopita. Akishindwa, ubao haukukaa sawa. Aliinama chini kuangalia, akaweka jani chini ya pembe moja, akasema wacheze tena, sasa uko sawa. Sikuwahi kuona ubao unaohitaji majani mengi kama ule.

Nakuja kwa Benedikto.

Benedikto alilala kitanda kilichopakana na changu. Alitoka mbali bara, huko garimoshi linakokwisha na mtu huendelea kwa miguu. Alikuwa mkimya, mwenye akili, na tulikuwa mwaka wa mwisho, mtihani wa cheti unakuja. Jumapili moja mlinzi alimkamata akipenya ua wa mkonge kurudi ndani, shati limechanika. Adhabu ya kutoka chuoni bila ruhusa ilijulikana: kufukuzwa. Ukifukuzwa hakuna cheti, na bila cheti unarudi kwenu ulivyokuja, ukiwa na Kiingereza chako cha kuombea chumvi.

Padre Mkuu alimuuliza alikwenda wapi. Akasema Temeke, nyumbani kwa mama mmoja. Hapo mambo yakaharibika, maana Padre hakungoja maelezo ya mama yule ni nani. Akasema Jumatatu kijana atafunga sanduku lake.

Mwalimu akaenda kwa Padre siku ileile. Tulimwona akiisukuma baiskeli yake kwa haraka, jambo lililotutisha. Hatukujua walichosema mpaka baadaye. Alimwomba kwamba Benedikto asifukuzwe kabla ya Jumamosi, na kwamba Jumamosi asikilizwe ukumbini kwa sheria yetu. Padre akauliza ni nani atakayekaa benchi la pili. Mwalimu akajibu: "Anayefukuza, Padre. Nani mwingine?"

Sijui kwa nini alikubali. Labda aliona ni mchezo. Labda alijiona msikilizaji mzuri; sisi tusiosikiliza huwa tunajiona hivyo.

Jumamosi ile hakukuwa na nafasi hata dirishani. Benedikto alikaa peke yake kwenye benchi la kushoto, magoti yamebanana. Padre Mkuu alikaa la kulia na kanzu yake nyeupe. Mwalimu alisimama katikati, chaki sikioni, mikono nyuma. Nyumba aliyolala ilikuwa ya misheni. Kila alichokuwa nacho kilikuwa cha misheni, isipokuwa baiskeli na mke.

Benedikto akasema kwa sauti ndogo. Alisema yule mama ni mtu wa kwao, mume wake kibarua bandarini. Alikutana naye kanisani siku ya sikukuu, akasikia anavyomgombeza mtoto wake kwa lugha ya nyumbani, na tangu hapo kila Jumapili alikuwa anakwenda. Hakunywa pombe. Hata kula hakula, mara nyingi. Alikaa tu jikoni.

Padre akasimama.

"Unasema ulikwenda kwa sababu ya njaa, na chakula chetu hakitoshi."

Benedikto akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama ukutani.

"Sivyo, Padre."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Nadhani neno lile halikuwa limewahi kumfikia Padre Mkuu kutoka kwa mtu wa rika letu.

"Basi unasema umechoka na masomo, unatafuta pa kupumzika."

"Sivyo, Padre. Masomo nayapenda."

Shingo ya Padre ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. "Unasema unakumbuka nyumbani kwenu."

"Sivyo, Padre." Sauti ilikuwa karibu kukatika. "Kukosa nyumbani nimeshazoea."

Hizo zilikuwa tatu. Hakuna aliyethubutu kusema kinachofuata. Mwalimu naye hakusema. Alifanya jambo moja tu: alisogea pembeni, kama mtu anavyosogea njiani kumpisha mwenye mzigo.

Padre Mkuu akavuka ukumbi, hatua zile zile za kupima shamba, lakini fupi zaidi. Benedikto akajibana mwisho wa benchi. Padre akakaa. Benchi lilikuwa la watu wafupi, magoti yake yakapanda juu karibu na kidevu, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka.

Wakakaa bega kwa bega wakitazama mbele. Kisha Padre akauliza, si kwa sauti ya ukumbi, "Huyo mama, ukifika, anakuambia nini?"

"Ananigombeza, Padre."

"Kwa kosa gani?"

"Shati chafu. Kuchelewa. Kukonda. Siku nyingine kwa makosa ya mtoto wake, akiwa amechanganya."

Padre akatazama mikono yake. Yeye pia alikuwa na mama mahali fulani, ng'ambo ya bahari nyingi, nami hilo sikuwahi kulifikiri hata siku moja kabla ya siku ile.

"Unasema," akaanza polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili kama mtu anayetafuta vitu gizani, "kwamba hapa sisi sote tunakusahihisha. Lakini hakuna anayekugombeza kama wake."

Benedikto akamgeukia.

"Ndivyo, Padre."

Benedikto hakufunga sanduku. Alifyeka majani muhula mzima, na kila Jumapili akatoka kwa mlango wa mbele akiwa na ruhusa iliyotiwa sahihi. Cheti alipata. Lakini watu wakubwa wana namna yao ya kulipia aibu. Baada ya wiki chache tukaambiwa kwamba mdahalo utaendelea kwa Kiingereza, chini ya mwalimu mwingine, na bila "desturi zisizo za lazima." Mwalimu wa Jumamosi akabaki na hesabu zake tu.

Nilimuuliza kama anajuta. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake, na hasira yangu ilikuwa na maneno mengi.

"Nimetoa Jumamosi, nimepata mtu," akasema. "Wewe ungefanyaje? Ungebaki na Jumamosi?"

Tangu hapo, Jumamosi mchana alikaa barazani kwake na ubao wa bao, na ukipita ukaona vijana wawili watatu wamekwenda "kuazima chaki," ulijua chaki haikuwa haja. Mama Mwalimu aliwaletea viazi na kuwaambia wabishane kwa sauti ya chini, wasimfukuzishe mumewe.

Sasa nije kwa mwanangu.

Nilikuwa karani wa serikali, nimeoa, naishi katika nyumba ya vyumba viwili niliyoipata kwa kazi yangu. Simoni, wa kwanza wangu, nilimpeleka chuo kilekile, ukumbi uleule. Alikuwa mwaka wa mwisho alipokuja nyumbani siku isiyo ya likizo, na kadi ya chama mfukoni. Zilikuwa siku ambazo watu walianza kusema waziwazi juu ya kujitawala, na sisi wa serikalini tulikuwa tumeonywa tusiguse siasa hata kwa kidole. Akasema, "Baba, nimeacha chuo." Akataka kuendelea. Mimi nikashika usukani wa maneno. Nilisema vizuri sana siku ile. Nilinyoosha mkono. Nilitaja ada, jina langu, kazi yangu, wadogo zake, na nikamaliza kwa kusema kwamba kadi ile na yeye haviwezi kulala chini ya paa langu. Akachukua shati lake kambani, bado bichi, akaondoka.

Miezi ikapita. Mke wangu aliniwekea chakula, nami nikala bila neno. Jioni moja aliweka sahani akabaki amesimama.

"Baba Simoni, yule mwalimu wako yu hai?"

"Yupo Kinondoni, nasikia. Kwani?"

"Kwani mie nimechoka kumpikia bubu."

Nikaenda. Mwalimu alikuwa amestaafu, amejenga kijumba Kinondoni kwenye kiwanja chenye minazi na michungwa. Mama Mwalimu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilimkuta barazani anacheza bao na jirani yake, na niliposogea nikaona kona moja ya ubao imeinuliwa kwa jani. Nikajua ameshindwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama, macho yamefifia. "Sauti hii naijua. Likizo!"

Jirani yake akaaga, akiwa amefurahi kuondoka mshindi. Nikakaa. Nikamweleza yote. Nilisema kwa urefu, na sitaficha, nilisema kwa ufasaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanirudia: kwamba nimejinyima ili mtoto asome, kwamba naogopa kazi itaniponyoka na wadogo zake watalala njaa, na kwamba kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba hakuniuliza.

"Ndivyo," nikasema.

"Vizuri. Sasa nirudie ya Simoni."

"Simoni anasema mimi ni kibaraka wa Wazungu."

"Alisema?"

"Hakusema kwa mdomo, lakini..."

"Basi sivyo."

"Anasema masomo hayana maana."

"Alisema?"

Nikatafuta kichwani siku ile nzima, tangu alipovuka kizingiti hadi aliposhika shati. Nilisikia sauti moja tu, na ilikuwa yangu. Neno la mwisho la mwanangu nililoweza kulikumbuka lilikuwa "nimeacha chuo," na baada yake "kwa sababu." Sababu yenyewe sikuingoja.

"Mwalimu, sijui anasemaje."

"Haya." Aliuweka sawa ubao wake, akalitoa lile jani. "Hapo ndipo ulipotakiwa kuanza. Anakaa wapi?"

"Magomeni, nasikia. Na wenzake."

"Nenda. Tena usimpelekee mkate, utamfanya mgonjwa. Na huko ukifika usihutubie."

"Nikikosea, Mwalimu?"

"Utakosea. Nakujua." Akacheka, kicheko kilekile cha dukani juu ya gunia la mchele. "Njoo baadaye unieleze. Na uje unajua bao, huyu jirani ananionea."

Hatukucheza. Nilichelewa kurudi, kama nilivyochelewa mambo mengi, na niliporudi nikakuta baraza limefagiwa na watu wamekaa mkekani msibani. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Lakini siku ile nilitoka kwake moja kwa moja hadi Magomeni. Nikaulizia, nikaelekezwa. Simoni alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya nyumba ya udongo, boksi la kadi miguuni pake, amekonda. Aliponiona alisimama, maana adabu hakuitupa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Akakaa tena. Nikabaki nimesimama juani, kofia mkononi. Watoto waliacha mchezo wao wakatutazama.

"Nimekuja kurudia maneno yako," nikasema. "Nikikosea niambie sivyo."

Alinitazama kama mtu anayetazama homa ikipanda.

"Ulikuwa unasema umeacha chuo kwa sababu ulichoka."

"Sivyo, Baba."

"Kwa sababu wenzako walikuita."

"Sivyo."

Jasho lilikuwa linanitoka. Maneno yangu yote makubwa yalikuwa yameniacha, na nilikuwa nayatafuta madogo.

"Kwa sababu unaona baba yako ni mwoga, nawe hutaki kufanana naye."

Simoni akainamisha kichwa. Hakuwahi kusikia habari za sheria ya benchi. Ilikufa chuoni kabla hajazaliwa, na mimi sikuwahi kumsimulia.

"Sivyo, Baba," akasema.

Kisha akasogea, nikapata pa kukaa.